Matone na Miwani Zizi Moja

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya banda la Kisigino, fundi viatu, na akili ya kijiwe ni mimi, ingawa shule niliiacha mapema nisije nikawaaibisha walimu. Jioni hiyo kahawa ilikuwa ya moto na Kisigino kanuna. Binti yake wa miaka minane haoni mbali. Kila mwaka miwani inaongezwa nguvu. Mwezi uliopita daktari akampa matone ya kutia machoni kila usiku, akasema yatapunguza kasi ya tatizo kukua. Kisigino, masikio yamezoea nyundo, alisikia “yatapunguza” tu, akashukuru. Kufika nyumbani, miwani akaifungia kabatini.

— Mafahali wawili hawakai zizi moja, akatwambia. Ama matone, ama miwani.

Sasa mwalimu kalalamika: mtoto haoni ubao, ananakili kwa jirani, na makosa ya jirani pia. Kwa hiyo Kisigino kakata shauri, chupa ya matone leo inakwenda jaani.

Spana, fundi baiskeli, akaunga mkono. Kwa utaalamu wake, jicho ni bomba: likijazwa maji, picha zinateleza. Waya, fundi redio, akamcheka. Mtoto alazwe kichwa kikielekea mnara wa simu, hapo atashika hata vya mbali. Spana akaona anazidiwa, akashauri matone yatiwe kwenye vioo vya miwani, maana dawa ya moto ni moto.

Ikabidi niingilie. Dada yangu ana mtoto wa matone hayohayo. Usiku anatiwa, asubuhi anavaa miwani.

— Spana, ukishika breki mlimani, baiskeli inarudi ulikotoka?

— Inategemea baiskeli ya nani.

— Haya. Matone ni breki, Kisigino. Hayamrudishi alikotoka, yanamzuia asiporomoke. Kuona, anaona kwa miwani.

— Wewe uliyekimbia hesabu za kugawanya ndiwe wa kunifundisha macho?

Benchi zima likanicheka. Tulikuwa bado tunacheka binti yake alipotokea ng'ambo ya barabara, ametumwa na mama yake. Akasimama, akakunja uso, akatutazama mmoja mmoja.

— Shikamooni. Eti baba yangu yupo?

Baba mwenyewe kaketi katikati yetu.

Kisigino akavuka barabara, akamshika mkono, wakaelekea nyumbani, kwenye kabati. Kikombe chake kilikuwa hakijaguswa. Nikakinywa mimi, maana kufundisha kunakausha koo.