Mama Mikono Avua Kamba Nyekundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Mikono anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa alasiri. Saa nimeitaja makusudi. Kamati ya sherehe ilimwomba atoke mapema siku hiyo akabadilishe nguo, naye akajibu kwamba kazi inaisha saa tisa na yeye ataisha nayo. Kamati ikasalimu amri, keki ikasogezwa mbele.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimetupiwa mimi, mtunza stoo, kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyegombana naye mara nyingi zaidi na bado tunakunywa chai meza moja. Ugomvi wetu ulikuwa ni wa vitambaa. Mafundi wengine hupokea matambara yoyote niliyonayo, hata soksi kuukuu. Yeye alitaka kitambaa cheupe, kisafi, kila mara. Nikimwambia hapa ni stoo, si duka la mashuka, alikaa kwenye kiti changu na kunisubiri nikitafute.

Wachache wanajua kwamba hakuajiriwa kama fundi wa injini. Aliletwa kushona majaketi ya kuokolea maisha, katika kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja linaloangalia karakana. Dirisha hilo ndilo lililomponza. Alishona huku akisikiliza injini za boti zikijaribiwa, mpaka siku moja akamfuata mkuu wa karakana wa wakati ule na kumweleza kwamba ile injini ya mwisho ukutani inakohoa upande mmoja. Mzee yule alicheka sana. Kisha akaifungua, akakuta ni kweli, akaacha kucheka. Mwaka uliofuata mama wa majaketi alikuwa amevaa ovaroli, na majaketi yakatafutiwa mshonaji mwingine.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kuingia karakanani, niwaeleze kazi iliyompa jina. Injini ya boti ikianza kuchoka, hupimwa mgandamizo, au kama tunavyosema sisi, hupimwa pumzi. Plagi zote hutolewa, kipimo chenye mshale hufungwa kwenye tundu la plagi, kisha stata huzungusha injini kidogo na mshale huonyesha silinda ile inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Vipimo vya silinda zote vikikaribiana, mgonjwa ni mzima. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hapo ndipo penye ugonjwa.

Kazi hiyo ni fupi lakini ina meno. Mvuke wa petroli unatoka matunduni, umeme wa plagi unatafuta pa kurukia, na gurudumu zito lenye meno lililo juu ya injini linazunguka bila kifuniko, halibagui hewa na kidole. Kwa hiyo Mama alikuwa na utaratibu wake. Propela inatolewa. Gia inawekwa huru. Nyaya za plagi zinabanwa kwenye mwili wa injini ili cheche isipate safari. Plagi zinalazwa kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda zake, maana plagi nayo ina habari za kusimulia. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, ambayo bila yake injini haiwaki, inachomolewa, naye anaivaa shingoni. Halafu anaita, "Mikono!"

Hapo kila aliye karibu, isipokuwa mwenye ufunguo wa stata, anainua mikono yote miwili juu. Mama anaihesabu, anatikisa kichwa kukubali, ndipo stata inapigwa. Mkono mmoja ukikosekana, hata kama mwenyewe anajikuna tu mgongo, stata haipigwi.

Hakuna aliyesamehewa. Mkurugenzi wetu alipita siku moja na wageni, ana faili kwapani na kikombe cha chai mkononi, wakafika katikati ya kipimo. Mikono ikaitwa. Mkurugenzi aliinua, faili likaanguka, na chai ikashuka ndani ya mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Mama alimaliza kuhesabu kwanza, ndipo akampa pole. Wageni wale walitusifu sana kwa nidhamu, na mkurugenzi amekuwa akiisimulia habari hiyo kama vile wazo lilikuwa lake.

Nyumbani nako hakuko salama. Mume wake, fundi saa mpole kuliko saa zake, alitueleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa kwamba mashine ya kusagia matunda haiwashwi jikoni mwao mpaka wajukuu wote wainue mikono, na babu yao pia. Alipomwambia kwamba huo ni woga, mkewe alimjibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Babu akainua mikono.

Sasa nifike kwa fundi tunayemwita Haraka, kwa sababu wasifu huu bila yeye haukamiliki. Ni fundi hodari, mtu mzima mwenye familia, na vidole vyake vina akili. Lakini katika wiki zake za kwanza hapa alipima pumzi ya injini peke yake wakati Mama amekwenda benki. Waya mmoja aliuacha unaning'inia. Cheche ikaruka, mvuke ukashika, na moto ukawaka na kuzimika kabla hata hajapata muda wa kuogopa. Hakuumia. Nyusi tu ndizo zilizokwenda, na kwa mwezi mzima alionekana kama mtu aliyeshangazwa na kila anachoambiwa. Sisi tulicheka. Mama hakucheka.

Tangu hapo, Haraka alifundishwa kila kitu isipokuwa kuvaa ile kamba. Miaka ilipita, nyusi zikaota, na Mama bado aliivaa mwenyewe. Tarehe ya kustaafu ilipokaribia alikonda. Wengine walidhani anahuzunika kuacha kazi. Mimi aliniambia ukweli tukinywa chai: kwamba kuondoka si tatizo, tatizo ni kwamba hajui atamwachia nani mikono ya watu. Alimpenda Haraka kama mdogo wake, lakini alihofia kwamba siku moja watu watamsukuma, nahodha anapiga kelele, kila mtu anataka boti lake, naye atapiga stata bila kuangalia. Nilijaribu kumtuliza. Sikufaulu.

Wiki iliyopita likaletwa boti la wagonjwa, lile linalowavusha kwenda hospitali kubwa. Injini ilikuwa imeanza kupoteza nguvu, na nahodha wake alisimama mlangoni akiuliza kila mara kama bado. Ilikuwa kazi ya mwisho ya Mama, na sote tukajazana kuitazama. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake. Kipimo kikafungwa. Haraka akashika ufunguo. Mikono ikaitwa, tukainua, nahodha akiwemo. Mama akahesabu, akatikisa kichwa.

Haraka hakupiga. Mama akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi. Nahodha akaguna. Haraka akaondoa kabisa mkono wake kwenye ufunguo, akasema kwa heshima, "Mama, mkono wako wa kushoto siuoni."

Tukatazama. Mkono wa kulia ulikuwa na kipimo. Wa kushoto ulikuwa nyuma ya injini, umeshikilia kilango cha hewa na mafuta kibaki wazi kabisa kama kipimo kinavyotaka, kwa kuwa waya wa kukivuta ulikuwa umekauka na kukwama, na mkono wa ovaroli ulikuwa umegusa meno ya lile gurudumu. Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo alituhesabu sisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumhesabu yeye.

Aliutoa mkono taratibu, akaugeuza, akautazama pande zote. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakalia ndoo, machozi yanamtoka, na ukimuuliza leo yalikuwa machozi gani atakwambia ni petroli. Alipopata pumzi alivua kamba nyekundu shingoni na kumvisha Haraka. "Haya," alisema, "leo nitalala."

Kilango kikafungiwa wazi kwa uzi, mikono ikaitwa upya na Haraka, na Mama akainua yake pamoja nasi. Mshale ulipanda silinda baada ya silinda, ukasimama karibu pale pale kila mara. Pumzi ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye kichujio cha mafuta, na kabla ya jioni boti lilikuwa majini.

Mama, tunakushukuru. Mashine yako ya kusagia matunda sasa itapata fundi wa kudumu, na babu ajiandae. Kitambaa cheupe kimoja nimekufungia, kisafi, bila kugombana. Uwe na afya, uchelewe kuamka, na maisha yako yawe mema.

Sasa naomba wote tuliomo ukumbini tuinue mikono, yote miwili. Hesabu, Mama. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna kidole kilichopotea katika karakana hii. Tumo wote, na mikono yote ipo.