Kuku wa Dorika na Macho ya Mama Emiliana

Marehemu Emiliana Calist alizaliwa Iguguno tarehe 14 Juni 1957, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba. Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Antipasi, wakahamia Mgori kulima alizeti na mahindi.

Kwa miaka mingi alifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Akifika kwenye somo la arusi ya Kana, alisema Bikira Maria hakungoja kuambiwa kuwa divai imekwisha, aliziangalia nyuso. Naye Mama aliziangalia nyuso mpaka ikawa kero. Ukijichekesha mbele yake, alikuuliza, "Nani kakuliza?"

Mwaka 2016 jirani yetu Dorika, aliyekuwa amefiwa na mumewe, aligawa kuku wake wote. Kijiji kikamsifu kwa ukarimu. Mama peke yake aliogopa. Alimrudisha kuku aliyepewa, mkeka ukiwa begani. "Mwanangu, kuku wako kagoma kwetu. Nitakaa naye hapa mpaka azoee." Kuku mwenyewe alizaliwa palepale! Mama alikaa mpaka Dorika akalia, kisha akala. Baadaye Dorika alitwambia kwamba siku zile alikuwa ameshaaga dunia moyoni.

Mwaka jana Mama aligundulika kuwa na saratani. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, akafariki tarehe 11 Februari mwaka huu hospitalini, Singida mjini, rozari mkononi. Aliniagiza mimi, Winfrida, mwanawe wa kwanza: "Mwangalieni baba yenu. Yeye halii."

Hatukumwangalia. Jana Baba, huku akitabasamu, alimpa jirani Miraji baiskeli yake, na jembe akampa mdogo wangu Leonidas. Tukasema Mzee ana moyo mkubwa. Dorika, aliyekuwa akichambua mchele na akina mama, aliweka ungo chini, akatoka. Alirudi akiikokota ile baiskeli, mkeka umefungwa nyuma.

"Shikamoo, Baba. Baiskeli yako imegoma kule. Nitakaa nayo hapa mpaka izoee."

Baba akamtazama, halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baba ametukubalia tuyaseme haya.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu, na Dorika. Tunaogopa, maana macho tuliyoyategemea yamefumbwa. Wanajumuiya, tukitoka makaburini msiwahi kwenu. Njooni mkae na Baba.

Mama apumzike kwa amani ya Bwana. Zamu ya kuangalia ni yetu.