Sajenti Elkanah Mukhwana Barasa, Mchagua Risasi wa Riyadh

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Chwele, mama yake akiwa ameshavaa kwenda kanisani. Elkanah alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Barasa Simiyu na marehemu Mama Rael Nekesa. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilia mara moja tu, akanyamaza, akaanza kukagua watu usoni. Tabia hiyo haikumtoka mpaka anaaga dunia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1989. Wenzake wa darasani, ambao wengine wako hapa, hawajasahau siku mwalimu mkuu alipouliza ni nani aliyevunja dirisha la ofisi. Elkanah alisimama akajitaja. Halafu, kwa kuwa aliulizwa vizuri, akawataja na wengine wanne. Muhula huo alikula chakula cha mchana peke yake.

Mwaka wa 1991 alijiunga na jeshi, akatumikia miaka ishirini na mmoja, akastaafu akiwa Sajenti. Muda mwingi alikuwa kwenye ghala la silaha na kwenye timu ya kulenga shabaha, si kama mpigaji bali kama mtu wa kulala pembeni na darubini na kumwambia mpigaji amekosea wapi. Mwaka wa 1993 alimwoa Truphena Nasimiyu, na Mungu akawajalia watoto watatu: Celestine, Wesley na Stacy. Truphena anasema katika posa yake hakusifu kitu. Alisema tu, "Mimi sijui kubembeleza, lakini sitakudanganya." Truphena akacheka, akamkubali. Katika miaka thelathini na zaidi ya ndoa, maneno hayo yalimfurahisha siku nyingi na kumuudhi siku nyingine.

Pensheni haikutosha karo, kwa hiyo mwaka wa 2014 alikwenda Jeddah kuwa mlinzi wa jengo la makazi huko Al-Nuzha. Walipanga chumba Al-Hindawiyah, Wakenya sita, godoro kwa godoro, na Ijumaa walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini mpaka chai ichemke. Mmoja wao ni Danson, ambaye ameketi pale mbele na ambaye mengi ya haya tumeyapata kwake. Mwaka wa 2017 Elkanah alipata kafili mpya, yaani mwajiri mdhamini, mzee mmoja wa Riyadh aliyetaka dereva. Ikama, kile kibali cha kuishi huko, iliandikwa dereva. Lakini bosi huyo alikuwa na ugonjwa wa kupenda shabaha za mbali, na kila Ijumaa asubuhi gari lilielekea kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, kule ambako ni mchanga, mawe na mbao nyeupe zilizosimamishwa mita elfu moja.

Siku ya kwanza kule ndiyo aliyopenda kuisimulia. Bosi alikuwa amelala tumboni nyuma ya bunduki, Elkanah amesimama na masanduku mawili ya risasi, moja la vichwa vyepesi na moja la vichwa virefu vizito. Bosi akauliza bila kugeuka, "Hawa? Ya Elkanah, hawa?" Kwa Kiarabu alikuwa anauliza upepo ukoje. Elkanah, ambaye Kiarabu chake kilikuwa bado cha yalla, twende, na halas, basi, alidhani bosi amejifunza Kiswahili, tena kibovu, cha kuita risasi "hawa" kama watu. Akamsahihisha kwa upole: "Si hawa, baba, ni hizi. Na nzuri ni hizi nzito." Akamnyooshea sanduku. Bosi akatazama sanduku, akatazama vumbi likikimbia kutoka kulia, akakumbuka kwamba kichwa kirefu kizito hakisukumwi sana na upepo. Akapiga, na zote tano zikaingia ubaoni. Kuanzia siku hiyo bosi aliamini amepata mtaalamu wa upepo, na dereva wetu hakujua amesifiwa kwa kosa la sarufi mpaka miezi mitatu baadaye. Alipojua, alikwenda akamwambia bosi ukweli, naye bosi akacheka mpaka akakaa chini.

Bunduki yenyewe hakuigusa hata siku moja, maana si kazi ya dereva. Kazi yake ilikuwa macho na mdomo. Alimfundisha bosi kwamba risasi haichaguliwi kwa ukubwa wa jina. Inachaguliwa kwa umbali wa shabaha, kwa upepo, na kwa bega la anayepiga. Hakukubali masanduku ya matoleo mawili ya kiwanda yachanganywe, hata kama yamefanana kama mapacha, kwa sababu moja itapiga juu na nyingine chini na mtu ataanza kuilaumu bunduki. Na kwa mita elfu moja alishikilia risasi moja, ile ya milimita sita na nusu. Ni nyembamba, inapasua upepo vizuri, na teke lake begani ni la kiungwana.

Mwaka wa 2019 shemeji yake bosi alinunua bunduki ya risasi kubwa, kila moja ndefu kama kidole cha kati. Bosi naye hakutaka kuachwa nyuma. Akanunua ya kwake, akajiandikisha nayo kwa mashindano ya Ijumaa tarehe 6 Desemba. Hapo ndipo mambo ya Riyadh na mambo ya Chwele yalipogongana, maana Celestine alikuwa anaolewa Jumamosi tarehe 14 Desemba, na bosi alikuwa ameahidi kwamba mashindano yakiisha tu atasaini karatasi za ruhusa, Elkanah aje amtoe binti yake. Miaka miwili alikuwa hajakanyaga nyumbani. Suti alikuwa ameshashonesha.

Elkanah aliona tatizo wiki ya kwanza. Risasi ile ilikuwa nzuri, lakini teke lake lilimtisha bosi, na kabla ya mlio alikuwa anafumba jicho na kulivuta bega. Bosi alimuuliza anaionaje, naye akamwambia mara tatu wakiwa wawili tu garini: "Baba, hii ni ya umbali mkubwa zaidi. Kwa elfu moja, rudi kwa sita na nusu. Hii unaiogopa." Mara zote tatu bosi alijibu, "Mafi khauf," yaani hakuna woga hapa, na kuongeza sauti ya redio.

Basi Ijumaa tarehe 15 Novemba, Elkanah akatumia njia ya jeshini. Katika risasi tano alizopanga kwenye kitambaa, ya nne ilikuwa ya mazoezi, haina baruti. Bosi akapiga tatu. Ya nne bunduki ikasema tik tu, lakini mwili wa bosi ukaruka, jicho likafumba na mdomo wa bunduki ukatumbukia mchangani. Hakuna aliyekuwepo ambaye hakuona. Shemeji alicheka kwa sauti, na hapo Elkanah akajua amepima vibaya. Alitaka bosi ajione. Hakufikiria kwamba wengine nao wana macho.

"Halas," bosi akasema. "Nyumbani."

Kilomita sabini za kurudi, bosi aliongeza sauti ya redio. Wiki iliyofuata bosi alifuta ahadi ya karatasi, na Elkanah akarudishwa Jeddah kulinda ghala la shemeji huyo huyo huko Al-Mahjar. Truphena alimpigia simu akilia amwombe bosi msamaha. Alimwomba, kwa kumwaibisha mbele ya watu. Akaambiwa aseme pia kwamba alikosea kuhusu risasi. Hilo hakulisema. Kama angelisema, labda angekuwa kwenye ndege.

Tarehe 14 Desemba alivaa suti na tai ndani ya kibanda cha mlinzi, Danson akamshikia simu. Netiweki ilikuwa ikikata, akaona kitambaa cheupe, akasikia vigelegele, ikakata tena. Danson alimuuliza, "Mzee, si ungenyamaza tu? Ni risasi, si Biblia."

"Aliniuliza," Elkanah akasema. "Mtu akikuuliza na unajua, utanyamazaje?" Kisha akalia, suti ikiwa imefungwa vifungo vyote. Gilbert, kaka yake, ndiye aliyemtoa Celestine siku hiyo, na alifanya hivyo kwa moyo mzito.

Bosi alipiga na risasi yake kubwa, akawa wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili. Mwezi wa Februari alimpigia Elkanah simu mwenyewe. Alikuwa amekwenda uwanjani peke yake na sita na nusu. "Ulisema kweli," akasema, "rudi Riyadh, na karatasi zako nimesaini." Tiketi ilikuwa ya tarehe 19 Machi 2020. Tarehe 15 ndege zikafungwa kwa sababu ya korona. Elkanah alifika Chwele tarehe 21 Novemba 2020, akakuta mjukuu wa miezi miwili, na binti aliyemsalimia kwa mkono kama mgeni wa serikali. "Ulichagua risasi ya Mwarabu," Celestine alimwambia. Hakujitetea. Alirudi kazini, na kwa miaka minne waliongea habari za mtoto na mvua.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kuumwa tumbo akiwa kazini. Bosi alimpeleka hospitali, kisha akamsafirisha nyumbani, na mpaka wiki iliyopita alikuwa akituma salamu. Ilikuwa saratani ya ini. Mwezi wa Januari daktari aliwaita wanafamilia kando, nao wakakubaliana wasimwambie. Kila aliyeingia chumbani alimwambia anaonekana afadhali. Gilbert alimwambia watavuna mahindi pamoja. Mchungaji alimwambia hivyo hivyo. Yeye aliwakagua usoni mmoja mmoja, akawashukuru.

Jumanne tarehe 28 Januari, saa nane mchana, Celestine alikuwa akimnywesha uji. Elkanah akauzuia mkono wake.

"Mama, wewe una hasira na mimi, kwa hiyo wewe utaniambia. Nimebakisha nini?"

Celestine akaweka kikombe chini. "Wiki, Baba. Daktari alisema wiki, si miezi."

Elkanah alimkagua usoni. Akasema, "Asante. Sasa naweza kupanga mambo." Halafu akasema, "Harusi yako iliniuma kuliko huu ugonjwa. Nilikosea kuikosa. Lakini kusema, sikukosea."

"Najua," Celestine akasema. "Ndiyo maana nimekwambia."

Siku kumi na mbili zilizobaki, binti huyo hakutoka chumbani humo. Elkanah alilala usingizi wa mwisho Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Celestine.

Ameacha mjane wake Truphena; watoto Celestine, Wesley na Stacy; mkwe wake Jackton; mjukuu mmoja, Elkanah mdogo; na ndugu zake Gilbert, Priscilla na Nehemiah, ambao wanaomba radhi kwa yale mahindi.

Bwana ampokee na ampe pumziko la amani.