Aliyetaja Jina la Baba Mkwe Wake

Mama yetu, ambaye asubuhi hii amelala ndani ya hema la sufu katika ua wake mwenyewe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kijiji hiki cha Tash-Bulak, mkoani Naryn. Alikuwa mtoto wa tatu wa mchungaji wa shamba la serikali. Theluji ilikuwa bado haijaondoka, na baba yake alipenda kusimulia kwamba kilio chake cha kwanza kiliwanyamazisha mbwa wa zizi zima. Jina lake lipo kwenye jalada la karatasi mliyopewa, limechapishwa na watu wa bunge. Humu ndani hamtaliona kwa haraka. Aliyeandika na anayesoma ni mkaza mwana wake, Meerim, na kwetu mke hataji majina ya wakubwa wa upande wa mumewe, hata akiwa peke yake na ng'ombe. Kwa hiyo wavumilivu wavumilie, na wenye haraka wanywe chai.

Alisoma shule ya bweni ya wilaya tangu 1961, na mwaka 1971 akaingia chuo cha ualimu huko Frunze, ambayo sasa ni Bishkek. Alisomea historia. Wenzake wa bwenini walisema hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi; hata foleni ya mkate aliipanga yeye.

Mwezi Agosti 1974 alikuja nyumbani kwa likizo. Siku moja mchana alikuwa akitoka dukani na sukari mkononi, kijana mmoja dereva wa lori na rafiki zake wakambeba wakampeleka kwao. Wanawake wa nyumba ile wakamvika kitambaa cheupe cha bibi harusi. Akakitupa. Wakamvika tena, akakitupa tena, akaelekea mlangoni. Wote mliopo mnajua kinachofanyika hapo: bibi kizee wa nyumba hulala kizingitini, maana hakuna binti mwenye adabu atakayemruka mtu mzima. Lakini bibi wa nyumba ile alikuwa amekwisha kufariki. Basi baba mkwe, mkuu wa wachungaji, mwanamume wa miaka arobaini na tisa mwenye masharubu yake, akavua kofia akalala mlangoni yeye. Kijiji kilicheka mwaka mzima. Msichana hakucheka. Alisimama mbele ya mzee yule mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akakaa chini, na sukari yake bado mkononi.

Si haki kusema kwamba aliishi kwa machozi. Mumewe, dereva yule, alikuwa mpole, na baba mkwe alimpenda kama binti wa kumzaa. Septemba ileile mzee alimpakia kwenye lori amrudishe chuoni, na jamaa wakamzuia.

"Akisoma huyo atatoroka!"

"Akitoroka, tafuteni mwingine wa kulala mlangoni," mzee akawajibu. "Mimi mgongo unaniuma."

Hakutoroka. Alihitimu 1976, akarudi kufundisha historia hapa kijijini. Alimzaa Talant mwaka 1978 na Zuura mwaka 1981. Mumewe alifariki Januari 1999, lori lake lilipoteleza mlimani, na tangu hapo yeye ndiye aliyemtunza baba mkwe: chai yake, dawa zake na hasira zake.

Siasa aliiingia 1985. Yalikuja maagizo kwamba baraza la kijiji lipate mwanamke mmoja, mwalimu, asiyezidi miaka thelathini na tano. Mwenyewe alisema alichaguliwa kama kiatu, kwa saizi. Lakini nchi ilipovunjika 1991, kondoo wakagawanywa na wodi ya wazazi ikafungwa kwa kukosa makaa, kiatu kile kikaanza kutembea. Aliwachukua wajawazito wanne akawaketisha ofisini kwa mkuu wa wilaya, karibu na jiko lake, akamwambia, "Huku kuna joto, watazalia hapa." Makaa yakapatikana. Mwaka 1996 alishika uongozi wa kijiji, na 2007 akaingia bungeni.

Huko bungeni aliwachekesha bila kutaka. Jina la baba mkwe wake linaanza kama neno letu la mwanakondoo, kwa hiyo neno hilo nalo hakulitamka maisha yake yote. Siku moja alimuuliza waziri kuhusu chanjo ya "wale wadogo wanaonyonya." Waziri akaeleza kwa kirefu habari za kliniki za watoto.

Mwishoni mwa mwaka 2012 aliusimamia muswada wa kuongeza adhabu kwa wanaoteka wasichana. Mbunge mmoja akasimama, anatabasamu.

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulitekwa, na leo ni mbunge, una watoto na wajukuu. Nani alikudhulumu? Mtaje hapa tumjue."

Mbunge yule alijua anachokifanya: mkaza mwana hataji. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Ukumbi ukacheka, mjadala ukaahirishwa hadi juma lililofuata, na magazeti yakaandika kwamba hana la kujibu. Kumbe alikuwa nalo. Lakini kulisema ni kumvua nguo mbele ya taifa mzee aliyemlea, na kunyamaza ni kuwaacha mabinti wa watu mlangoni. Alirudi nyumbani, akawasha jiko, akakanda unga. Meerim alikuwapo akimimina chai. Baba mkwe, miaka themanini na saba, ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, nimekuona kwenye televisheni. Umeulizwa, hukujibu."

"Baba, kunywa chai inapoa."

"Jina langu lina miiba?"

"Watu watakucheka, Baba."

"Kwa umri huu? Walionicheka wote nimewazika." Akalisukuma bakuli la chai. "Nisikilize. Siku ile nililala pale kwa sababu nilijua hutaniruka. Wewe ulikuwa na adabu, mimi nikaifanya adabu yako kufuli. Nimekaa na jambo hili miaka yote, nikingoja uliseme. Hukusema. Basi kaliseme huko. Ruhusa natoa mimi, asije mtu akasema umenivunjia heshima."

Mama akalia, kilio cha sauti, na mzee akamkemea kwamba anatia chumvi kwenye unga.

Juma lililofuata alisimama bungeni, akataja jina la baba mkwe wake, la kwanza na la ukoo, wazi kabisa. Kisha akasema: "Ni mtu mwema kuliko wengi waliomo humu, na ninampenda. Alinifungia mlango. Ikiwa mtu mwema anaweza kufanya hivyo, basi wema hautoshi, tunahitaji sheria." Hakuna aliyecheka. Muswada ukapita. Nyumbani, mzee aliamuru televisheni iongezwe sauti, ingawa masikio yake yalikuwa mazima.

Jina lile alililipia. Shemeji yake mkubwa, ndugu wa mumewe, hakukanyaga nyumba hii kwa miaka kumi, hata mzee alipofariki 2014 alisimama upande wa pili wa ua. Mama aliumia sana, na tusidanganye kwamba hakuumia. Kila sikukuu alimwekea bakuli, na kila sikukuu bakuli likaoshwa likiwa safi.

Alistaafu 2015. Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, masika. Aliposikia, shemeji alikuja, akaketi, akaomba chai kana kwamba alitoka jana. Mama akammiminia, akasema tu, "Umechelewa, maandazi yamekwisha." Alifariki hapa nyumbani Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, akiwa na miaka sabini.

Meerim aliingia nyumba hii mwaka 2009, kwa posa na kwa hiari yake. Siku hiyo mama mkwe alikifagia kizingiti mwenyewe, akasimama pembeni akamwambia, "Mlango hauna mtu. Ukitaka kurudi kwenu, njia unaijua." Na mwezi uliopita, akiwa kitandani, alimwambia jingine.

"Siku ya kunizika usiniite mama tu. Mama ni wengi. Nitaje."

"Siwezi, Mama. Ulimi utanikauka."

"Ukauke mara moja, utalowana tena."

Jana Meerim alimwendea baba mkubwa, shemeji yule yule, aliyelisimamisha hema hili kwa mikono yake, kumwomba ruhusa. Akasema, "La baba yangu nililisikia likitajwa mbele ya nchi nzima, na sikufa. Litaje. Na utaje kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Ameacha watoto wawili, Talant na Zuura, mkwe mmoja na mkaza mwana mmoja, wajukuu watano, shemeji mmoja, na mabinti wa nchi hii wasiomjua, wanaotoka dukani na sukari wakafika kwao.

Wanaume watamchukua sasa kwenda kilimani, na sisi wanawake tutabaki hapa mlangoni. Hakuna aliyelala kizingitini. Pita, Burulkan binti Sadyk. Burulkan, pita kwa amani, Mungu akupokee.