Ukuta wa Mirdza Krastkalne

Ndugu, jamaa na majirani mlioshika matawi ya misonobari, familia imeniagiza mimi mkwe nisome maisha ya Mirdza Krastkalne, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, bila kupamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini Cēsis, binti wa seremala Mārtiņš, akasoma hapohapo hadi 1948, na tarehe 2 Mei 1949 akaja Riga kuwa fundi rangi katika kikosi cha ukarabati wa nyumba. Tarehe 18 Juni 1955 alifunga ndoa na Ojārs, dereva wa tramu, wakapewa chumba kimoja ghorofa ya tatu, jiko wakitumia na familia nyingine, na tarehe 9 Januari 1957 akazaliwa mtoto wao wa pekee, Dzidra.

Kwenye ukuta wa chumba kile palikuwa na mwanamke aliyechorwa mwaka 1903, nywele zake zikitiririka katikati ya mayungiyungi, na Septemba 1962 wasimamizi wa nyumba wakaamuru takataka zote za mabwana wa zamani zikwanguliwe. Mirdza hakukwangua, alibandika magazeti kwa gundi ya unga, kama mafundi wetu wabandikavyo chini ya karatasi za ukutani, akapaka rangi ya kahawia juu yake, ila kwa haraka hakutazama kurasa, na jirani waliyetumia naye jiko, Zelma, alipochungulia aliona brashi ya gundi juu ya picha ya mkuu wa nchi, akacheka, "We Mirdza, leo unampaka nani unga usoni?"

Watu walishasombwa kwenda Siberia kwa makosa madogo kuliko hilo. Tangu siku ile marehemu alimenya viazi kando ya Zelma akipima kila neno, akisikia viatu ngazini anazima redio, na Zelma alipofariki mwaka 1979, bila kumchongea kwa mtu yeyote, hofu haikuzikwa naye.

Mwaka 2006 nyumba ilifanywa makumbusho ya sanaa ya Ulaya ya zama za mchoro ule, marehemu akaachiwa chumba chake, wataalamu wakaomba kuubandua ukuta, akakataa miaka mitatu, na baadhi yenu mlioketi hapa mlimwita bibi mkaidi. Basi sikieni leo: rangi ya mchoro ule ni ya chokaa, haivumilii majimaji ya gundi, naye aliogopa kwamba alichokificha alikuwa amekiua kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 20 Aprili 2009 walianza kubandua kwa visu vidogo, yeye amejifungia jikoni, hadi Dzidra alipoita, "Mama, njoo, macho yapo!" Macho yalikuwepo, mdomo ulikuwepo, nywele za upande mmoja zilikuwa zimeng'oka na kuganda kwenye uso wa mkuu yuleyule, kama ndevu, sote tukacheka, isipokuwa Mirdza, aliyeuliza polepole, "Mlango mmefunga?"

Oktoba 2014 alipatwa na kiharusi, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 3 Novemba alimshika Dzidra mkono akauliza, "Zelma yuko jikoni?" Dzidra akamjibu, "Hayupo, Mama, jikoni hakuna mtu," naye akafumba macho, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta mkate mweusi na njegere, mafundi wenzake wa zamani, na wafanyakazi wa makumbusho, ambao leo wamefunga milango yote kwa heshima yake.

Pumzika kwa amani, Mirdza. Jikoni hakuna mtu.