Karatasi Tatu za Mwalimu Mishale

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Wengi wenu mlimwita Mwalimu Mishale. Niliombwa niandike maneno matamu. Mniwie radhi, mengine yananitia kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha nafsi yangu.

Shuleni aya ndefu zilimpiga chenga. Akaanza kuzigeuza michoro: duara, mshale, duara, mpaka somo zima likaenea kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 1980 aliongoza darasa, na waliokuwa wakimcheka wakaja kuazima daftari lake.

Alifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja. Alichora moyo kwa chaki sakafuni, darasa zima, akawatembeza wanafunzi ndani yake. “We damu, mbona umeganda mlangoni?” alikuwa akifoka. “Nenda mapafuni, wenzako wanakusubiri!”

Mwaka 1987 aliolewa na shemeji yetu, fundi seremala. Wiki ya kwanza alibandika jikoni mchoro wa kazi za nyumbani, na mishale karibu yote ilimwelekea bwana. Shemeji anasema siku hiyo ndipo alipoielewa ndoa.

Tarehe 14 Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa hospitalini. Ulimi na mkono wa kulia vikakataa. Wiki ya tatu alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora mguu, kifua, na mshale unaopanda. Siku tatu, karatasi tatu, mchoro uleule. Sisi ndugu zake tulicheka. Mimi nilisema, “Mwacheni, anafundisha.” Akanishika mkono, akaugonga ule mshale kwa kidole, tena na tena. Nikamwambia, “Sawa dada, umechora vizuri,” kama ninayembembeleza mtoto, kisha nikafutia karatasi hiyo chai iliyomwagika. Ninajionea kinyaa ninapoisoma sentensi hii.

Alifariki tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi. Daktari wa wodi, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo. Aliiona karatasi ya mwisho mezani, akaielewa papo hapo. “Damu imeganda mguuni, inapanda kifuani,” alisema. “Mwalimu aliwaambia. Kwa nini hamkumwonyesha mtu?”



Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na wadogo zake watatu tuliokaa kando ya kitanda chake tukiwa na macho mazima. Mungu ampumzishe kwa amani yeye aliyesema wazi, wala asiharakishe kutufariji sisi.