Mwalimu Umande: Aliyeandika kwa Wino Alichokiona

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Umande, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mchoma matofali na mkewe. Mama alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa macho yakiwa wazi, akaitazama taa kana kwamba anaikagua. Mdogo wake mshonaji, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alifuata miaka minne baadaye, kwa hiyo hayo ameyapokea kwa mdomo tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwezi Novemba 1979. Darasani alifanya vizuri, ila kutumwa alikuwa hakuwezi. Siku moja alitumwa kibiriti dukani saa mbili asubuhi, akarudi adhuhuri mikono mitupu, na habari ndefu za siafu waliokuwa wakihama. Mama alimchapa, halafu akamwomba amalizie habari ya siafu.

Januari 1980 aliajiriwa kufundisha fasihi katika shule ya sekondari ya wasichana, akafundisha hapo hapo kwa miaka thelathini na saba. Mwaka 1982 alikuta meza ya maktaba imewekewa kitabu chini ya mguu ili isiyumbe. Alikichomoa, meza ikayumba, na mtunza maktaba akanuna mwezi mzima. Kitabu kilikuwa hakina jalada. Ndani yake mlikuwa na shajara na mashairi ya mwanamke aliyeishi miaka mia mbili iliyopita katika nchi ya baridi, ambaye kila siku alitoka kutembea, akarudi na kuandika alichokiona: ukungu, kunguru, maji chini ya daraja. Baadaye mistari ile ya shajara ndiyo aliyoigeuza kuwa mashairi. Dada aliyapenda yote, lakini akiulizwa alisema shairi ni mgeni aliyekuja amevaa, na shajara ni mwenyeji aliyekufungulia mlango bado hajanawa uso. Yeye alipenda kufunguliwa na mwenyeji.

Basi akawa anawatoa wanafunzi nje saa moja asubuhi, wachutame kwenye nyasi na kutazama umande kabla ya kusoma shairi la umande. Jina lake lilitokea hapo. Mkuu wa shule alilalamika kwamba viatu vyenye matope vinachafua sakafu, na kwamba mtihani unafanyikia darasani, si majanini. Dada alimjibu kwa heshima kuwa mtihani utawauliza mshairi aliona nini, na hawa watoto bado hawajawahi kutazama. Mwaka ule wasichana wake walifaulu wote, na mkuu akanunua tambara la kufutia miguu.

Mwaka 1983 aliamua kukitafsiri kitabu kile kwa Kiswahili. Akajiwekea sharti. Sentensi ya kitu ambacho hajakiona aliiandika kwa penseli. Akishakiona kwa macho yake, au akaona kitu kilicho ndugu yake wa karibu, ndipo aliipitishia wino. Sisi nyumbani tulicheka. Mdogo wake, asiye na subira, alimwambia wazi kwamba anajisumbua bure, aandike tu yaishe, nani atajua? Dada akasema, “Nitajua mimi.” Mjadala ukaishia hapo, na kazi ikaendelea miaka arobaini na mmoja.

Sharti hilo ndilo lililomwoza. Katika shajara kulikuwa na sentensi kuhusu barafu nyembamba inayoota usiku kwenye vioo vya dirisha. Mwezi Februari 1984 alikwenda kwenye ghala la kuhifadhia nyama, akaomba kusimama ndani ya chumba cha baridi. Fundi wa majokofu alidhani amekuja kulalamikia nyama. Alipoelewa, akamvika koti lake, akamwacha humo dakika arobaini akitazama barafu ikiota kwenye mabomba. Alitoka anatetemeka meno, na alipoulizwa hayo yote ni ya nini, alijibu ni ya nusu sentensi. Fundi alikwenda kwao akatangaza kwamba amepata mke. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji hakuwa msomaji wa vitabu, lakini kila jioni alikuwa akiuliza, “Mwalimu, leo wino au penseli?”

Alistaafu mwaka 2017. Mwezi Agosti 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na daftari la tafsiri lilikwenda naye kila safari. Ilipofika Aprili mwaka huu, 2024, alilazwa wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda namba tisa, kando ya dirisha. Kitabu kizima kilikuwa kwenye wino isipokuwa sentensi moja, ya mwisho kabisa. Mwandishi yule, naye akiwa mgonjwa, aliandika kwamba theluji inashuka kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa asitake kumwamsha. Dada alikuwa ameshajaribu unga na chekeche, akajaribu sufi, akavikataa vyote. Sufi inapepea, alisema, na hii inashuka. Maneno alikuwa nayo, ila hakuwa ameyaamini.

Daktari alituita pembeni akatuambia siku si nyingi. Mdogo wake alimsihi, tena kwa machozi, apitishe wino tu apumzike. Alikataa. Shemeji alikuwa amekaa pale kwenye kiti, akachukua kofia yake akaondoka. Tulimkasirikia.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, shemeji alirudi na binti yake wamebeba makasha mawili ya barafu. Walikuwa wameshinda tangu alfajiri kwenye ghala lile lile la nyama, wakikwangua mabomba. Muuguzi mkuu aliwazuia ngazini, akauliza ni kitu gani hicho. Shemeji akasema, “Ni maji tu, sista. Bado hayajajua kuwa ni maji.” Muuguzi alimtazama mzee yule na vidole vyake vilivyokufa ganzi, akawafungulia roshani ya ghorofa ya tatu, kisha akashuka mwenyewe kufungua pazia la dirisha kando ya kitanda namba tisa.

Wakaipukutisha kutoka juu. Ikashuka. Nyeupe, nyepesi, mbele ya kioo, bila sauti yoyote. Kasha la kwanza lilipokwisha, dada aliinua kidole kimoja, nasi tukapiga kelele juu kwamba anataka tena. Baada ya kasha la pili aliomba daftari na kalamu. Mdogo wake alitaka kumwandikia, akakataa hilo nalo. Aliipitishia wino mwenyewe, herufi moja moja, kwa muda wa robo saa. Kisha akasema, “Mwanamke yule hakusema uongo hata siku moja.”

Alifariki Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wawili, mdogo mmoja mkaidi, wanafunzi wasiohesabika, na madaftari kumi na manne ambayo tumeapa kuyachapisha.

Wasifu huu uliandikwa kwa sharti lake. Ambayo mdogo wake aliyaona, aliyaandika kwa wino. Ya kuzaliwa, na mengine aliyosimuliwa, aliyaandika kwa penseli. Mstari wa mwisho nao uko kwenye penseli, kwa kuwa hajauona, na siku yake ikifika atakwenda kuupitishia wino:

Dada, umepumzika kwa amani.